Polepole Alisema Bado

Ndege mbili zilikuwa zimetua kwa pamoja, na watu walisongamana kwenye mkanda wa mizigo kama nyuki. Msichana mmoja, amevaa jinzi iliyopauka na koti jekundu la ngozi, alikuwa akipenya kutoka, amekumbatia mfuko wa duara kifuani kama mama aliyebeba kichanga.

"Samahani, dada," kijana mrefu mwenye miwani alimpisha huku akitabasamu. "Hicho ni chungu au yai la mbuni?"

"Ni kichwa changu cha akiba," alijibu bila kusita. "Hiki nilichovaa kimechoka kusikiliza maswali."

Kijana aliangua kicheko, na yule dada akapotelea mlangoni.

Kesho yake asubuhi kijana alikikuta kile kichwa cha akiba juu ya meza yake ya kazi: kofia ngumu ya dereva, nyeupe, yenye mistari ya manjano. Mwenyewe alisimama kando, mikono ya ovaroli ameifunga kiunoni, anacheka mpaka machozi.

"Kumbe mhandisi wangu mpya ndiye wewe!"

Timu yao ilishiriki mbio za magari za masafa marefu, ambamo madereva hupokezana usukani mchana kutwa na magari ya madaraja tofauti hukimbia pamoja kwenye barabara moja. Timu ilikuwa na magari mawili. La daraja la juu lilikuwa jepesi, limelala chini kama mjusi. La daraja la pili lilifanana na magari ya mitaani, nalo lilishindana na ya daraja lake tu. Msichana aliendesha hilo la pili. Mafundi walimwita Chiriku, maana redioni hakunyamaza hata akiwa kwenye kona kali. Mhandisi, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya skrini na kumwongoza kwa redio, Chiriku mwenyewe alimbatiza Polepole, kwa jinsi alivyomhimiza apunguze mwendo.

"Polepole, umekula?"

"Chiriku, tazama mbele! Kona hiyo."

"Kona naijua. Nauliza habari za tumbo lako."

Mafundi waliosikia redio walipasuka mbavu. Mapenzi na kikohozi havifichiki, na kabla msimu haujafika katikati kila mtu gerejini alijua. Hata mama yake Chiriku alikwisha anza kumwita Polepole mkwe, posa haijapelekwa.

Jambo moja tu Polepole hakumwambia mpenzi wake. Kaka yake mkubwa aliwahi kuendesha pikipiki za mashindano. Siku hizi alitembea kwa magongo.

Mwisho wa msimu bosi, mama mmoja wa sauti ya upole, alimwita Polepole ofisini.

"Dereva wangu wa gari la juu anastaafu. Namtaka Chiriku. Wewe ndiye unayemfahamu vizuri kazini. Yuko tayari?"

Alikuwa tayari. Polepole alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini gari la juu lilikwenda kasi ya kutisha, na machoni pake aliyaona magongo ya kaka yake yameegemezwa ukutani.

"Bado," alisema. "Mpe mwaka mmoja zaidi."

Nafasi ikaenda kwa mwingine. Jioni hiyo Chiriku alilia begani kwake mpaka shati likalowa.

"Nimekosea wapi, mpenzi?"

"Hujakosea, kipenzi changu. Zamu yako itafika," alisema, akimfuta machozi. Angeweza kusema kweli palepale. Hakusema.

Miezi ikapita. Siku moja timu ikila chakula cha mchana pamoja, Chiriku alimtania bosi kwamba alimnyima gari. Bosi akacheka bila hila.

"Usinilaumu mimi, mwanangu. Hata mhandisi wako alisema bado."

Chiriku aliweka kijiko chini, akatoka. Polepole alimkuta kwenye maegesho.

"Nilikuwa mzembe?"

"Hapana."

"Nilikuwa mzito?"

"Hapana. Niliogopa." Akamweleza habari za kaka yake, zote, maneno yakigongana mdomoni.

Chiriku alimsikiliza mpaka mwisho. "Pole kwa kaka. Lakini ungeniambia mimi. Ungenikataza, tungegombana mpaka majirani waje kutuamua. Badala yake umemwambia bosi siwezi, halafu ukaja kunifuta machozi."

"Nilifanya kwa mapenzi, Chiriku."

"Ndiyo maana inauma."

Aliondoka siku ileile. Polepole alipiga simu, haikupokelewa. Akampigia mama yake Chiriku.

"Mkwe wangu, ameniambia niseme hayupo," mama alisema kwa huzuni. "Na mimi uongo sijauzoea. Yuko hapa jikoni anakata vitunguu."

"Mwambie nimekubali kosa langu, mama."

Mama aliyarudia maneno hayo kwa sauti kubwa. Kisha sauti ya mama ikarudi chini zaidi. "Amesikia, baba. Vitunguu vinamliza."

Chiriku hakupiga. Alijiunga na timu pinzani, na baada ya muda wakampa gari la daraja la juu.

Walikutana tena kwenye mbio za siku ya mvua. Polepole alikuwa bado akiongoza gari la daraja la pili, redio yake sasa ina dereva mwingine, asiyeongea. Alimwona Chiriku akilipita gari lao kwenye kona iliyojaa maji, bila kutetereka. Bendera ya mwisho iliposhuka, Chiriku alikuwa wa kwanza.

Polepole alimsubiri nyuma ya gereji. Chiriku alitoka nywele zimelowa jasho, uso umeiva kwa furaha. Alipomwona akasimama.

"Umekonda, Polepole."

"Umeshinda, Chiriku."

Wakacheka kidogo, kama watu wanaojaribu kiatu cha zamani.

"Uliogopa leo?" aliuliza Chiriku.

"Mwanzo mpaka mwisho."

"Mimi pia. Huwa naogopa kila mara. Ungeniuliza siku zile, ningekuambia."

Polepole aliinamisha kichwa. Mvua ilikuwa ikimpiga kwenye miwani. "Nataka kukuoa. Najua nimechelewa."

Macho ya Chiriku yalijaa. "Mwaka ule ungesema hivyo, ningeitikia kabla hujamaliza."

"Na leo?"

"Leo nimekusamehe, na nimekusamehe kwa moyo mweupe. Lakini mume ndiye anayekusemea mahali usipokuwepo. Na mimi nilikwisha sikia ulivyonisemea."

Alimkumbatia, akamwegemea kifuani kwa muda mrefu, kama mtu anayepumzika safarini. Wenzake wakamwita apande jukwaani. Alipojichopoa, Polepole hakumzuia.

Gerejini bosi alimwona alivyoloa. "Umepata nini huko, mwanangu?"

"Nilichostahili, mama," alisema, akainama kukunja nyaya.