Harufu ya Kitanda Kipya

Hakukuwa na nzi juu ya maiti. Hilo ndilo lililomsimamisha Inspekta Rwegoshora mlangoni. Huko Kaisho, ndizi zinapoiva, nzi hujaa kila nyumba. Chumbani kwa Renatha walikuwa sakafuni, wamekufa, miguu juu.

Renatha alikuwa amelala ubavu kwenye kitanda kipya, povu limemkaukia mdomoni. Tangu harusi hakuwa ametoka nje. Desturi ilimtaka akae ndani, anenepe, asionekane. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa matambara.

Uani watu walimpigia kelele Kokugonza, mama mkwe wake. Mbele yao alisimama Telesfori, seremala kutoka Mabira, baba wa marehemu. Alishika panga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nitolee huyo mwanamke. Amemtilia mwanangu sumu kwenye maziwa!"

"Panga mpe koplo kwanza."

Kokugonza alikuwa amejificha jikoni, amejikunyata.

"Maziwa alikunywa nani?"

"Yeye na mimi. Kibuyu kimoja."

"Mligombana?"

"Nilimwambia uji wake una mabonge. Akanijibu, mama, basi tafuna." Alicheka, kisha machozi yakamtoka. "Wakinichomea humu, afande, mwambie mwanangu sikumuua mkewe."

Mwanawe, Byarugaba, aliketi kizingitini, kichwa mikononi.

"Unaumwa?"

"Kichwa, tangu harusi. Nilidhani ni pombe ya rubisi. Nikishinda shambani kinapoa."

"Na mkeo?"

"Alisema anaona ukungu. Tukafurahi. Tulidhani ni mimba."

Kesho yake daktari alimaliza uchunguzi. Mboni za macho zilikuwa zimenywea kama ncha ya sindano. Tumboni hakukuta sumu.

"Ameivuta kwa pumzi," alisema.

Rwegoshora alirudi chumbani peke yake, akafunga mlango, akaketi. Mwanga uliopenya matambara ulikuwa na rangi ya asali. Harufu ya vanishi ilikuwa tamu, nzito. Majirani walikuwa wakija kuinusa na kuwapongeza maharusi. Kuta zikaanza kupwa na kujaa polepole. Akamwona Renatha ameketi kitandani, anasuka nywele zake bila haraka.

"Kinanukia upya, afande," alisema Renatha.

Rwegoshora alizinduka kichwa kikimgonga. Alipiga magoti, akapapasa uvungu. Mbao zilinata. Chini ya utamu wa vanishi palikuwa na harufu nyingine, aliyoijua tangu utotoni: harufu ya shamba la kahawa lililotoka kupigwa dawa.

Akamwita Telesfori.

"Kitanda hiki ulikitengeneza wewe?"

"Kwa mikono hii. Zawadi yangu."

"Piga magoti. Nusa uvunguni."

Mzee alipiga magoti. Akaingiza kichwa uvunguni, akanusa.

"Ulichanganya nini kwenye vanishi?"

"Dawa ya kahawa. Kwa ajili ya mchwa."

"Kwa nini nyingi hivi?"

"Mama yake alifia kwenye kitanda kilicholiwa na mchwa. Tulipotaka kumnyanyua, mguu wa kitanda ukakatika. Maiti ikaanguka, afande, kama gunia. Renatha alikuwa mdogo, amesimama pale pale, anaona." Alifuta mbao kwa kiganja, kama anayepangusa vumbi. "Nilitaka chake kisianguke kamwe."

"Ulijua lini kwamba ndicho kilichomuua?"

Telesfori hakuinua uso.

"Jana. Nilipoingia kumlilia, nikaona nzi wamekufa. Nikaijua harufu yangu. Ndipo nikaenda kuchukua panga."

"Ukamsingizia mama wa watu."

"Nilihitaji awe yeye. Nisingeweza kusimama kaburini kama ni mimi."

Kokugonza alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Aliwapita wote wawili, akayang'oa matambara dirishani, moja baada ya jingine. Upepo ukaingia na harufu ya maua ya kahawa, na pazia la mwali likapepea.

Kisha akamshika Telesfori kiwiko.

"Inuka, mzazi mwenzangu," alisema. "Toka nje. Usiivute hewa hii."