Mwisho Ulioliwa na Mchwa

Jua lilikuwa limeshika njia ya kuzama Wavinya alipotoka nyumbani kwenda sokoni Nuu kuchukua kitabu chake. Alimwacha binti yake Kasyoki, wa miaka tisa, akichunga sufuria ya muthokoi jikoni.

"Narudi sasa hivi. Usiende popote."

Wasomaji wana wazimu wao, na Wavinya alikuwa nao wote. Alisoma akisonga ugali. Alisoma chooni. Alisoma hata kanisani, mchungaji akirefusha. Pale Nuu alikuwa amepata mwenzake mmoja tu, Abshiro wa duka la nguo, aliyehamia mwaka juzi, mtu wa kulia machozi katika kila kitabu, hata cha upishi. Hao wawili na Kasyoki walizungushiana vitabu vyao vichache mpaka vikachakaa. Kilichochakaa kuliko vyote ndicho walichokipenda kuliko vyote, hadithi ya msichana aliyepotea porini. Hakikuwa na jalada, na kurasa zake za mwisho zililiwa na mchwa.

Mwisho hakuna aliyeujua. Basi Wavinya akaweka sheria: anayefika pale kilipokatika atunge mwisho wake, auseme kwa sauti, na asiibe wa mwenzake. Sasa ilikuwa zamu ya Kasyoki kukisoma.

Abshiro alikuwa akiingiza mikoba na viatu ndani, tayari kufunga.

"Kitabu? Si nilishapeana. Susu ya Kasyoki alikuja saa kumi. Alisema anapelekea msichana amsomee."

Wavinya alicheka. "Susu gani?"

"Mama ya bwanako, Mulei. Mzee hivi, na ugoro kwa pua. Hata aliniuliza mwisho yangu, nikamwambia. Wallahi huyo mama anajua kusikiza."

Kicheko kilimkauka Wavinya mdomoni.

Nzisa, mama mkwe wake, alizikwa mwezi mmoja kabla ya mtoto kuzaliwa. Ndiyo maana mtoto akaitwa Kasyoki, aliyerudi. Wazee wa kwa Mulei walimpokezana mikononi wakisema Nzisa amerudi nyumbani, wakafurahi, na Wavinya akafurahi nao. Hakuwahi kujiuliza, ikiwa yule ndiye Nzisa, kaburini alibaki nani.

Alikimbia. Kiatu kimoja kilimtoka karibu na kisima, akakiacha huko huko.

Nyumbani kulikuwa kimya. Muthokoi ulikuwa umeungua na jiko limejaa moshi.

"Kasyoki?"

Alizunguka vyumba vyote.

Halafu harufu ikamfikia. Haikuwa ya moshi. Ilikuwa ya ugoro, ule mkali wa kusagwa na magadi...

Na sauti. Sauti ndogo, inayosoma polepole, ikisimama kwenye nukta kama alivyoifundisha yeye mwenyewe.

Ilitoka katika nyumba ya Nzisa, ile ya tofali kando ya zizi, iliyofungwa miaka tisa. Kufuli lilikuwa chini mlangoni. Halikuvunjwa. Lilikuwa limefunguliwa tu, na ufunguo wake Mulei alikuwa nao Mtito Andei, kazini.

Alisukuma mlango kwa kidole.

Koroboi iliwaka. Kasyoki alikaa kwenye kigoda, kitabu magotini. Mbele yake, juu ya kitanda cha kamba, alikaa mtu. Mwanga ulimfika miguuni tu. Miguu ya mzee, myembamba, imejaa udongo mwekundu hadi magotini. Udongo mbichi. Na Nuu ilikuwa haijaona tone la mvua miezi mitano.

"Kasyoki," Wavinya alinong'ona. "Kuja hapa."

"Mum, nimebakisha kidogo."

"Muache amalize," ilisema sauti ya kitandani.

Ilikuwa ya Nzisa. Haikuwa na hasira hata kidogo.

Wavinya alitaka kukemea kwa jina la Yesu, kama alivyokemea mapepo ya watu wengine kila Jumapili. Ulimi uligoma. Aliogopa hata akahisi maji moto yakimteremka mapajani, na hakuona aibu.

Kasyoki alisoma. "'Yule bibi akamshika msichana mkono, akamwambia...'"

Akapindua karatasi. Hapakuwa na nyingine.

"Akamwambia nini?" sauti iliuliza.

"Imeisha, susu. Mchwa walikula. Kila mtu hutunga mwisho yake."

Wavinya alimtikisia kichwa anyamaze. Mtoto hakumwona.

"Haya," sauti ilisema. "Mama yako atunge."

"Mwaitu..." Wavinya alimwita, mama, kama alivyomwita akiwa hai. "Akamwambia, rudi kwa mama yako, anakungoja. Bibi akaenda zake. Na hakuja tena. Hakuja tena kabisa, Mwaitu."

Mtu alivuta ugoro.

"Ni mzuri. Lakini huo ni wako. Wa duka aliniambia wake." Kitanda kililia. Miguu ile ikasogea karibu na kigoda. "Na wewe, mwana wakwa? Wako?"

"Sijatunga bado. Nitakuambia kesho."

"Kesho," sauti ilikubali.

Koroboi ikazimika.

Usiku huo huo Wavinya alimbeba mtoto mgongoni, kitabu akakitia motoni, wakaenda kulala kwa Abshiro nyuma ya duka. Kesho yake hakumwachia mkono mchana kutwa. Alibembeleza, akaahidi viatu, akalia.

"Sema bibi alienda zake. Basi. Sema hivyo tu."

"Hiyo ni yako, Mum. Si ulisema hakuna kuiba ya mwenzako?"

Abshiro alikaa juu ya majora ya vitambaa, mkono shavuni. Wavinya alimgeukia.

"Na wewe ulimwambia nini?"

Abshiro alichomoa uzi kwenye jora. "Mimi napenda mwisho ya huzuni, dada. Unanijua. Nilijua ni hadithi tu."

Nje jua lilishuka. Abshiro alifunga mlango wa mabati, akatia komeo, akaweka na meza. Watatu wakakaa wakisikilizana pumzi.

Ndipo harufu ya ugoro ikapenya chini ya mlango.

Kasyoki aliinua uso, akatabasamu vile anavyotabasamu akiwa amepata jibu la hesabu.

"Nimetunga," alisema. "Yule bibi akamshika msichana mkono, akamwambia..."

Wavinya alimrukia akamziba mdomo kwa kiganja, akamkumbatia kwa nguvu zake zote. Abshiro alianza kusali kwa lugha ya kwao. Nje hakuna aliyebisha.

Lakini chini ya kiganja midomo ya mtoto iliendelea, laini, bila haraka, na Wavinya, mama aliyemfundisha kusoma silabi kwa silabi, aliisoma kwa ngozi ya mkono wake.

Tu-syo-ke.

Turudi.