Kichwa cha Nyuma

Giza lilikuwa linaanza kuingia kinyozi alipofunga duka, akapitia maziwa ya binti yake, kisha akashika njia ya kwa mjane wa rafiki yake. Mchana shemeji alikuwa amempigia simu. "Njoo uchukue kitu chako. Marehemu alikuachia."

Hakutaka kukawia. Binti yake alikuwa hoi kitandani. Tangu wamzike rafiki yake huyo, Fundi Treni, pumzi za mtoto zilikuwa zinakwisha kidogo kidogo, na madaktari walipima mpaka wakachoka. Kila siku kinyozi alikaa kando ya kitanda akisikiliza.

Fuu... fuu-fuu... fuu.

Njiani alimkumbuka marehemu. Jamani, yule mtu alikuwa na mikono! Alitengeneza vichwa vya treni vidogo, vya kukaa kiganjani. Alikata shaba kwa msumeno mwembamba kama uzi, akapanga vipande kwenye kisanduku, mnunuzi akaviunganishe mwenyewe nyumbani. Lakini kila aina alijiundia kwanza kimoja cha kujaribia, akakiendesha kwenye reli iliyozunguka kuta za karakana yake. Na alikuwa na kituko chake: kichwa alikiweka nyuma ya mabehewa, hata siku moja hakukiweka mbele.

"Treni zangu hazivuti, Wembe. Zinasukuma," alikuwa akisema. "Anayesukuma haonekani."

Wembe! Hakuna mwingine aliyemwita kinyozi hivyo, na hata yeye alimwita walipokuwa wawili tu.

Siku kinyozi alipomnyoa binti yake nywele za kwanza, Fundi Treni ndiye aliyeinama akaokota kishungi kimoja sakafuni. "Cha kumbukumbu," alisema. Kinyozi alijisikia fahari kupendewa mtoto namna ile.

Shemeji alifungua mlango kabla hajabisha. Hakumkaribisha hata kiti. Alimpeleka moja kwa moja karakana.

Harufu ya shaba ya moto. Na harufu nyingine... nywele zinazoungua.

Fuu... fuu-fuu... fuu.

Maziwa yakamponyoka.

Juu ya reli, vichwa viwili vilivyoshikana kwa ndoano vilikuwa vinazunguka kuta. Polepole. Bila waya, bila betri. Na vilikuwa vinapumua pumzi za mtoto wake.

"Shemeji... nini hiki?"

"Sema taratibu," mjane alinong'ona. "Kimoja ndani kina nywele za mtoto wako. Kingine kina zake mwenyewe. Cha mtoto ndicho kinachomwendesha."

"Kumwendesha nani? Si amekufa? Si nimemzika mimi?"

Mjane aliangalia chini.

Hapo hasira ikamzidi woga. Alimuuguza yule mtu! Alimnyoa ndevu akiwa hajiwezi, akambeba mgongoni kumpeleka hospitali, akamlilia kaburini kuliko ndugu zake wa kuzaliwa. Kumbe muda wote huo mwenzake alikuwa anamla mtoto! "Mnafiki mkubwa wee," alisema, machozi yakimtoka. "Nilikukosea nini?"

"Vitenganishe," mjane alisema. "Mimi mkono wangu unakataa. Lazima awe mtu wa damu ya mtoto."

Kinyozi hakufikiri mara mbili. Cha mbele kinavuta, cha nyuma kinavutwa, nani asiyejua hilo? Alifungua ndoano. Akakinyakua cha nyuma, akakitupa sakafuni, akakikanyaga kwa kisigino mpaka shaba ikabonyea na kumeguka.

Kimya.

Halafu cha mbele kikachomoka mbio, chepesi, kikazunguka karakana nzima.

Simu ikalia. Mkewe. "Njoo, mume wangu, njoo! Kaamka! Kakaa mwenyewe, anataka chakula!"

Kinyozi alipiga magoti akalia kwa kwikwi. Mjane naye alikuwa analia. "Ahsante," alirudia. "Ahsante sana, shemeji. Sitakusahau." Mwanamke mwema huyu, kinyozi aliwaza, ameweka ubinadamu mbele ya mumewe.

Alikimbia mpaka nyumbani. Binti alikuwa ameketi mezani, mashavu yamejaa, na mama yake hajui acheke au alie. Kinyozi akamkumbatia kwa nguvu. Pumzi zilikuwa nzima, ndefu, nzito.

Nzito mno.

Mtoto alijitoa mikononi mwake. Akageukia kikombe chake, akaanza kukisogeza mezani kwa kidole kimoja, akikisukuma kutoka nyuma.

"Wembe," alisema. "Nirudishe nyumbani. Mke wangu ananisubiri."

Mama yake akaangua kicheko. "Mke! Sikieni makubwa! Na Wembe ndiyo nani tena?"

Kinyozi alikuwa ameinua mguu, anatazama kisigino cha kiatu chake. Kwenye kipande cha shaba kilichonasa pale, palikuwa na unywele mmoja mlaini, wa mtoto mchanga.