Ree Tatu za Ambwene

Anyisile anaolewa Jumamosi hii huko Matema, na bwana harusi si Ambwene. Ni Aliko, mwenye boti ya uvuvi. Ambwene alikuwa na kila kitu cha kumwoa, ila alikificha.

Jumapili ile mvua ilikuwa inapiga bati nyuma ya stoo ya kokoa, Kyela mjini. Mezani karata za poka, za pesa. Wengine walishatupa karata, wamebaki wawili, Ambwene na Ezekiel mnunuzi wa kokoa. Ambwene ana ree mbili mkononi, karata kubwa kuliko zote, ya tatu imelala mezani pamoja na kopa mbili. Simu ikaita.

"Ambwene, nijibu leo," alisema Anyisile. "Aliko ametuma mshenga. Baba anataka jibu kabla ya jioni. Ng'ombe unao au huna?"

Alikuwa nao saba, kijijini Busale, kwenye zizi la rafiki yake Hezroni. Ndivyo wazee walivyofanya, unagawa mifugo kwa marafiki, jirani asijue ulicho nacho. Ambwene alitaka mzee Lugano, baba wa binti, achoke kungoja, ashushe mahari kutoka ng'ombe saba mpaka wanne.

"Bado natafuta, Anyi. Mwambie baba asubiri kidogo."

"Miaka minne unatafuta?"

"Subira, mama. Nipo kwenye kazi."

Akakata.

"Kazi!" Ezekiel akacheka. "Haya, mfanyakazi, unaweka dau?"

"Napita, funua nyingine."

"Karata zako mbovu?"

"Mbovu kabisa, kaka."

Ikafunuliwa karata ya nne, malkia wa pau. Ambwene akapita tena, akajifanya anapiga miayo. Ya tano ikafunuliwa, saba ya kopa. Hapo ndipo akasukuma katikati pesa yote ya kokoa ya msimu.

"Nafuata," alisema Ezekiel.

Ambwene akabwaga ree zake. Ezekiel akaweka kopa mbili juu ya zile tatu za mezani. Kopa tano, na kopa tano zinakula ree tatu.

"Ungeweka dau kubwa pale mwanzo, ningekimbia," alisema Ezekiel huku akikusanya. "Sikuwa na kitu. Umeniacha nisubiri bure mpaka nikapata."

Simu ikatoa mlio. Ujumbe: "Baba amekubali. Ng'ombe wa Aliko walikuwa njiani tayari, wameshafika."

Ambwene alipanda pikipiki, akaenda Matema na mvua yake. Alimkuta Anyisile barazani anapepeta mchele.

"Ninao! Saba! Wako Busale kwa Hezroni!"

Ungo ukasimama.

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Mwaka juzi nililia hapa hapa, ukanifuta machozi. Ulikuwa nao?"

"Nilitaka mzee apunguze."

"Kumbe ulikuwa unanipunguza mimi."

"Si hivyo, Anyi. Nilijua wewe ni wangu. Sikuona sababu ya haraka."

"Aliko kawaswaga ng'ombe wake barabarani, mchana, kijiji kizima kinatazama. Wewe wako umewaficha hata mimi."

"Unampenda?"

"Nilikupenda wewe. Huyu nitajifunza. Angalau najua alicho nacho."

"Nipe wiki moja niwalete."

"Wiki zote nilikupa." Akaurudia ungo wake. "Ndaga fijo, Ambwene. Ahsante sana kwa kuja. Nenda kabla baba hajatoka."

Alisimama kwenye matone ya paa mpaka viatu vikajaa maji. Hakuna aliyemkaribisha ndani.

Juzi Hezroni alimpigia.

"Mtani, hongera! Yule mwekundu amezaa ndama jike."

Ambwene akakata simu.

Hesabu yenyewe ndiyo hii. Kokoa ya msimu mmoja imekwenda. Anyisile amekwenda, na miaka minne yake. Ng'ombe hajapungua hata mmoja. Walikuwa saba, sasa ni wanane.