Keki Baridi za Baba Tupoki

Tupoki aliishi Tukuyu, mji wa mvua. Kulikuwa na mvua ya asubuhi. Kulikuwa na mvua ya mchana. Kulikuwa na mvua ya kusindikiza wageni.

Aliishi na baba yake. Baba alikuwa mrefu, mwembamba, na mpishi wa keki.

Kila Ijumaa jioni, Baba alipika keki nyumbani kwenye oveni ya mkaa. Aliponda ndizi. Poti, poti, poti. Akavunja mayai. Kacha, kacha.

Unga ukamwingia puani. Haa-chiii.

"Chafya haikuingia kwenye bakuli," Baba akasema haraka.

Tupoki akachungulia bakuli. Ni kweli, haikuingia.

Jumamosi walikwenda gulioni. Baba akapanga keki mezani, akaita:

"Keki, keki, keki za ndizi.
Ukila moja, utataka mbili."

Pwata, pwata, pwata. Watu wakapita na matope yao.

Hakuna aliyekula moja. Hakuna aliyetaka mbili.

"Ndizi ninazo nyumbani," bibi mmoja akasema. Akaenda zake.

Basi wakarudi na keki zao. Wakala keki asubuhi. Wakala keki mchana. Usiku wakala keki na maharage.

Pu.

"Ni paka," Baba akasema.

Hawakuwa na paka.

Jumamosi nyingine akaja Mzee Mwalugaja, mwenyekiti wa soko. Tumbo lake lilifika kwanza. Kisha ukafika mwavuli. Mwisho akafika yeye mwenyewe.

"Keki haiuzwi hivihivi," akasema. "Vaa tai."

Baba akavaa tai yake ya harusi. Akaita:

"Keki, keki, keki za ndizi.
Ukila moja, utataka mbili."

Pwata, pwata, pwata. Mama mmoja akasimama.

"Mchungaji," akauliza, "ibada inaanza saa ngapi?"

Baba akavua tai.

"Basi tabasamu," Mzee Mwalugaja akasema. "Onyesha meno."

Baba akaonyesha meno yote. Mtoto mchanga akaangua kilio. Mama yake akamfunika na kukimbia.

Mzee Mwalugaja akatikisa kichwa.

"Biashara imekushinda, bwana. Niuzie ile oveni yako. Kuku wangu watalala humo."

"Kuku walale kwenye oveni?" Tupoki akauliza.

"Kuna ubaya gani?" mzee akajibu. "Ina mlango."

Tupoki akawaonea huruma wale kuku.

Jumamosi iliyofuata, ukungu ulishuka mpaka kwenye meza. Baba hakuvaa tai. Hakuonyesha meno.

"Tupoki," akasema polepole, "leo ndiyo mwisho. Jioni Mzee Mwalugaja anakuja kuchukua oveni."

"Na wewe utapika wapi?"

"Sitapika tena, mwanangu."

Baba akatazama viatu vyake. Tupoki naye akavitazama. Vilijaa matope.

Baba akaita, lakini kwa sauti ndogo:

"Keki, keki, keki za ndizi.
Ukila moja, utataka mbili."

Pwata, pwata, pwata.

Tupoki alisikia baridi. Vidole vilikuwa baridi. Pua ilikuwa baridi. Akachukua keki, akaing'ata. Hata keki ilikuwa baridi. Ilikuwa kama kung'ata sabuni.

Jirani yao alikuwa Mama Sekela, muuza mahindi ya kuchoma. Jiko lake lilikuwa jekundu kwa moto.

"Shikamoo, Mama Sekela. Naomba kuota moto."

"Marahaba, mwanangu. Sogea. Usiniungulie tu."

Tupoki akapasha vidole moto. Akapasha pua. Kisha akaiweka keki yake pembeni ya wavu, nayo iote moto.

Chiii, ikasema keki.

Harufu ikatoka. Ndizi. Siagi. Iliki.

Harufu ikatembea sokoni bila kuomba ruhusa. Ikapita kwenye nyanya. Ikapita kwenye vitunguu. Ikafika hata kwa wauza dagaa, ikawashinda dagaa wote.

Pwata, pwata, pwa...

Watu wakasimama.

"Nini hicho kinanukia?" akauliza yule bibi mwenye ndizi nyumbani.

"Keki yangu," Tupoki akasema. "Ilikuwa na baridi."

"Nipe."

"Nimeshaing'ata, bibi."

"Mwanangu, nipe hivyohivyo."

Baba alisikia. Akainua uso kutoka kwenye viatu. Akazoa keki mezani, akakimbia nazo hadi kwenye jiko. Mama Sekela akasogeza mahindi yake.

Chiii. Chiii. Chiii.

Bibi akala moja. Akataka mbili. Mama wa mtoto mchanga akarudi. Wauza dagaa wakaja na harufu yao, na hakuna aliyewafukuza.

Lilifika tumbo. Ukafika mwavuli. Akafika Mzee Mwalugaja.

"Pisheni, mimi ni mwenyekiti."

"Foleni inaanzia kule nyuma, babu," Tupoki akasema.

Mzee akaenda nyuma. Tumbo lake likalalamika njia nzima. Kruuu.

Alipoipata keki, aliila huku amefumba macho. Masharubu yake yakajaa makombo.

"Nzuri," akasema. Kisha akakumbuka. "Na oveni yangu je?"

Baba akajifuta mikono.

"Samahani, mzee. Oveni ina kazi."

"Na kuku wangu?"

"Wajengee banda, babu," Tupoki akasema. "Na una keki kwenye masharubu."

Mzee Mwalugaja akayalamba. Akarudi kwenye foleni.

Meza ikabaki tupu. Baba akaishika kwa mikono miwili, kama mtu asiyeamini macho yake.

"Jumamosi ijayo njoo na jiko lako," Mama Sekela akamwambia. "Langu lina mahindi." Lakini alikuwa anatafuna keki, kwa hiyo hakutisha.

Njiani Baba akauliza, "Nani alikufundisha ujanja huu?"

"Hakuna," Tupoki akasema. "Nilikuwa nasikia baridi tu."

Baba akacheka. Safari hii meno yalitoka yenyewe.

Nyumbani walikula ugali na mboga za majani. Hakukuwa na keki hata moja, na Tupoki akasema asante.

Kisha akapanda kitandani. Baba akakaa karibu yake amsimulie hadithi.

"Hapo kale," Baba akaanza, "palikuwa na sungura mmoja, ambaye... ambaye..."

Krooo.

Baba amelala.

Tupoki akamvutia blanketi hadi kidevuni. Sungura hakuweza kuachwa katikati ya njia, basi akaimalizia hadithi mwenyewe, kwa sauti ndogo, mpaka mwisho.