Mkahawa wa Nusra

Kila Jumamosi Nusra aliamshwa na Shangazi Time, aliyeimba jikoni wimbo mmoja huku redio ikiimba mwingine. Waliishi ughaibuni, mtaa wa Kilburn, juu ya duka la mazulia: Nusra, wazazi wake, na huyo shangazi, dada wa baba yake. Shangazi Time alifanya kazi ya kuwatunza wazee. Alikuwa mnene, mcheshi, na alikuwa na ugonjwa wa sukari. Daktari alipomshauri afanye mazoezi, alikwenda moja kwa moja akanunua baiskeli nyekundu iliyokwisha tumika.

"Nusra!" aliita asubuhi hiyo. "Si ulisema umeipita kwa baiskeli ile njia ya reli ya zamani mwanzo hadi mwisho?"

Kweli alisema. Aliwaambia shuleni, akawaambia majirani, tena kwa madoido. Lakini siku aliyokwenda alifika kwenye daraja la kwanza tu, mvua ikanyesha, akageuza.

"Ndiyo, Shangazi."

"Basi leo nipeleke. Nifunge katlesi kikapuni, tule njiani?"

Nusra alijua nani angekibeba kikapu. "Ya nini mzigo? Katikati ya njia kuna mkahawa. Wanauza chipsi na mayai."

Mkahawa huo aliubuni palepale. Shangazi akafurahi, katlesi zote akampelekea jirani yao, Mama Célestine.

Walipanda treni na baiskeli zao hadi nje kidogo ya mji. Reli ya huko iling'olewa zamani, ikabaki njia ya changarawe iliyonyooka katikati ya miti, na madaraja ya matofali yakipita juu yake. Shangazi alichomeka pindo la gauni ndani ya soksi ndefu za kaka yake, akaanza safari. Alimpigia kengele ya salamu kila aliyekutana naye, hata bata.

Muda si muda njaa ikabisha hodi.

"Mkahawa wako uko wapi, mwanangu?"

"Baada ya daraja lijalo."

Daraja likapita. "Si hili, Shangazi. Ni lile jingine."

"Nchi hii ina madaraja kuliko watu!" Shangazi alihema.

Mbele kidogo, mama mmoja wa Kigujarati aliyeketi kwenye benchi aliwasikia, akaruka kwa furaha. "Jamani! Kiswahili huku porini? Mimi naitwa Vasanti. Nimezaliwa Kisumu, sasa nakaa Kingsbury. Nakuja hapa kila wiki. Karibuni chai!" Akainua chupa ya chai.

Shangazi alikwisha kuweka mguu chini. Lakini Nusra alishtuka: mtu anayekuja kila wiki anajua kila kilichopo na kisichokuwepo.

"Ahsante, tunachelewa!" alisema haraka. "Mkahawa uko hapo tu mbele!"

Mama Vasanti alifungua mdomo aseme neno, ila Nusra tayari alikuwa anakanyaga, na Shangazi akamfuata huku akigeuka kuitazama ile chupa ya chai.

Kwenye kona, farasi alitoa kichwa juu ya ua. Shangazi hakuweza kupita bila kumsalimu. Akatia mkono mfukoni, akatoa vipande vya sukari alivyobeba kwa dharura, sukari ya mwilini ikishuka.

"Si umesema mkahawa uko karibu?"

"Karibu sana," alisema Nusra kwa sauti ndogo.

Farasi akala vyote, akalamba na kiganja.

Walipoendelea, kengele ya Shangazi ilinyamaza. Nusra alipogeuka, alimwona ameketi kwenye nyasi, jasho likimtoka, mikono ikitetemeka.

"Sukari imeshuka," Shangazi alisema. "Kimbia mkahawani, niletee soda."

Nusra alishuka kwenye baiskeli. "Shangazi, hakuna mkahawa."

"Umefungwa?"

"Haujawahi kuwepo. Niliubuni. Hata hapa sijawahi kufika."

Shangazi aligusa mfuko wake mtupu. "Na sukari yangu nimempa farasi. Haya, rudi kwa yule mama. Mbio!"

Nusra alikanyaga kama anayefukuzwa na nyuki. Kwenye kona alianguka ndani ya upupu, akainuka akijikuna, akapanda tena. Mama Vasanti alikuwa anafungasha kikapu chake cha chakula. Nusra akamweleza yote, bila kuficha.

"Nilitaka kuwaambia!" alisema Mama Vasanti, akanyakua kikapu, naye akakimbia, viatu mkononi.

Shangazi alikunywa chai yenye sukari nyingi, kisha akala chapati za uwatu. Polepole mikono ikatulia. Nusra alikuwa akilia.

"Nisamehe, Shangazi. Niliona aibu kusema sijui."

"Nimekusamehe. Kutojua si aibu, mwanangu. Ungesema hujui, ningebeba katlesi, tukacheka, tukaitafuta njia pamoja. Lakini mtu akikuamini, hupanga mambo yake kwa kutegemea neno lako. Wewe uliona ni maneno matupu tu. Mimi nimetoa sukari yangu kwa ajili ya maneno hayo. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Walipumzika mpaka Shangazi akapata nguvu, wakaanza kurudi taratibu, Mama Vasanti akiwasindikiza hadi stesheni.

"Umechoka?" Shangazi aliuliza wakiwa ndani ya treni.

Nusra alitaka kusema hapana, hata kidogo.

"Sana, Shangazi. Na makalio yananiuma."

"Alhamdulillah!" Shangazi alisema, akijisugua ya kwake. "Hilo nimelisadiki."