Uthibitisho Niliomwandikia Nchagwa

“Phelesia ametangazwa kanisani,” Lorine aliniambia, akitua ndoo ya omena, dagaa wa ziwa letu. “Anaolewa na Nchagwa. Yule wako.”

Nilikuwa nimeketi nje ya banda langu hapa kisiwani Remba, nashona wavu uliopasuka. Sikuinua macho.

“Nchagwa gani?”

“Kwani uko na wangapi? Yule wa Isebania. Wiki mbili zijazo, siku ya Jumapili, wazee wa kanisa wanampima pale Kisegi, ng'ambo. Akipita anafanywa mwinjilisti, na Mchungaji Maurice anampatia binti yake Phelesia.”

Barua ya Nchagwa ilikuwa imefungwa kwenye pindo la leso yangu. Ilifika asubuhi hiyo hiyo. Niliifungua, nikamsomea Lorine.

“Benta wangu wa pekee, nisaidie mara ya mwisho. Wazee wataniuliza, utathibitishaje kwamba Mungu yuko? Niandikie ile hoja ya mpangilio wa ulimwengu, na uweke mfano wa ziwa ili wavuvi waipende. Nikipita tu, nakuja na wazee wangu kwenu kukuposa. Wako hadi kaburini, Nchagwa.”

Lorine alisonya. “Usimjibu. Wacha aaibike.”

“Nitamjibu,” nilisema. “Na nitamwandikia ya kumtosha.”

Nilikuwa na haki ya hasira yangu. Kwa miaka miwili Nchagwa alisoma Biblia kwa posta, yaani mimi ndiye niliyesoma. Bahasha za masomo zilifika kwake Isebania, akazituma kwangu, nikajibu, naye akanakili kwa mkono wake. Cheti kikaja na jina lake, mwaka wa tisini na tano. Nilikataa wanaume wawili kwa ajili yake, na mmoja alikuwa na boti yake mwenyewe.

Basi nikaandika kurasa nne. Tatu zilikuwa safi, tena kwa moyo wangu wote. Ya nne niliitega. Mtu wa Isebania, kule mpakani, anajua mahindi, ng'ombe na bei ya shilingi ya Tanzania. Omena anaijulia kwenye sahani.

Jumapili ilipofika, kanisa la Kisegi lilijaa hadi mlangoni. Nilikaa nyuma na leso kichwani. Phelesia alikuwa mbele, amevaa gauni jeupe, na sikumchukia hata kidogo.

“Ndugu Nchagwa,” Mchungaji Maurice alianza, “unasema kila kitu kina chanzo. Basi chanzo cha Mungu ni nani?”

“Mchungaji, watu wakivuta wavu, wa kwanza anashikwa na wa pili, wa pili anashikwa na wa tatu. Lakini kama hakuna hata mmoja aliyesimama kwa ardhi ngumu, wote wanaingia majini. Mungu ndiye amesimama. Yeye hashikwi na mtu.”

Kanisa likaitikia amina. Nami nilikaribia kuitikia, maana yalikuwa maneno yangu.

“Hekima hii uliitoa wapi?”

“Nilifunga siku saba kule Remba, Mchungaji. Nikaenda ziwani na wavuvi, nikaona kwa macho yangu.”

Nchagwa alikuja Remba mara mbili tu maishani, na mara zote alitapika ndani ya boti. Akafungua ukurasa wa nne.

“Tazameni mwezi mpevu, ndugu zangu. Mungu alimwona mvuvi wa omena gizani, akamhurumia, akamwashia taa mbinguni. Ndiyo maana mwezi ukijaa, na boti zinajaa omena. Mpangilio huu haukuja kwa bahati.”

Mtu akacheka kwenye benchi la kati. Mzee Jared, mwenye boti mbili, akasimama polepole.

“Omera, ndugu yangu, rudia hapo kwa mwezi.”

Nchagwa akarudia, tena kwa sauti zaidi.

“Kijana yangu,” Mzee Jared alisema, “omena tunavua kwa giza. Tunawasha taa za karabai, omena inafuata mwanga. Mwezi ukijaa inatawanyika, na sisi tunakaa nyumbani na njaa. Hata mtoto wa nasari anajua. Sasa wewe huko Remba ulivua na nani?”

Nchagwa aliinamia karatasi. “Imeandikwa hapa...”

“Imeandikwa na nani?” Mchungaji aliuliza.

“Na mimi,” nilisema, nikasimama. “Mimi ni Benta nyar Otieno, nashona nyavu Remba. Masomo yake yote nilijibu mimi. Na hii ndiyo barua aliyonitumia wiki mbili zilizopita akiomba hoja ya leo.”

Sikumpa Mchungaji. Nilimpa Phelesia. Aliisoma kwa sauti mpaka mwisho.

“Hadi kaburini,” alirudia. “Hata mimi aliniandikia hivyo.” Akamgeukia Nchagwa. “Hilo kaburi lako litatutosha wote?”

Akavua pete ya uchumba, akaiweka juu ya zile karatasi nne, akatoka.

Mchungaji alinigeukia. “Binti, umeweka uongo kwa hoja ya Mungu.”

“Nimeweka, Mchungaji. Nitatubu.”

“Kwanza irekebishe.”

“Mwezi ukijaa, nyavu zinakauka na kushonwa, na omena inazaana bila kusumbuliwa. Giza lingekuwa la mwaka mzima, tungekuwa tumemaliza ziwa. Aliyepanga alijua tulivyo walafi.”

“Na ile njaa yetu?” Mzee Jared aliuliza.

“Hiyo, mzee, bado natafuta jibu.”

Nchagwa alinifuata mpaka ufuoni nilipokuwa nikisubiri boti.

“Benta, umeniua mchana kweupe.”

“Uliomba uthibitisho.”

“Ningekuoa wewe. Haki ya Mungu.”

“Mungu yupi? Yule niliyekuandikia?”

“Umejaa kisasi tu. Hata wewe huamini.”

Moyo uliniuma, kwa sababu nilikuwa nampenda bado, na nilijichukia kwa hilo. Lakini kisasi kilikuwa kitamu, siwezi kudanganya.

“Nchagwa, Jumapili za giza wavuvi hawakanyagi kanisa. Wamekesha ziwani, asubuhi wamelala. Leo wamejaa mpaka mlangoni kwa sababu usiku wa kuamkia leo mwezi ulikuwa mpevu. Nani alichagua tarehe ya leo?”

“Mimi,” alisema kwa sauti ndogo.

“Wewe, usiyejua mwezi, ndiye uliyewaleta wakunase. Mimi sikuipanga. Haya, mwinjilisti, niambie kama hiyo ilikuja kwa bahati.”

Mkono wake ulipapasa mfukoni kutafuta karatasi. Jibu la hilo sikuwa nimemwandikia.